Barua zenu: Kichura wa jani lililokunjwa

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na habari za vyura, na sababu naijua, masika imenyesha vizuri upande wa Kwale, pwani ya Kenya, na watu hawalali kwa kelele za vidimbwi. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko zingine, mtanivumilia, maanake hili ni jambo liko moyoni mwangu miaka mingi na yule mama aliyeandika kaona kitu ambacho wengi tunakipita tu tukienda zetu.

Shikamoo mwalimu. Sisi tunaishi Kubo, shamba letu linapakana na msitu wa Shimba Hills. Nyuma ya minazi kuna kidimbwi kinajaa masika, kiangazi kikikaza kinakauka kabisa. Juzi nimeenda kukata majani ya mbuzi nikaona jani moja refu juu ya maji limejikunja limegandana kama bahasha, nikalifungua, ndani kuna utelezi na vidonge vyeupe. Usiku kijana wangu akanionyesha kichura kwenye majani yaleyale, mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Ndo mwenye yale mayai? Nimemharibia? Na baba watoto anataka tufukie kidimbwi, tukate na ile miti ya pembeni tupate kulima mahindi, wewe wasemaje? — Mama wa Kubo

Marahaba mama. Ndiyo, kwa ulivyoeleza ndo mwenye mayai, au jamaa yake wa karibu sana. Huyo ni katika kundi la vichura wanaokunja majani, wataalamu wanawaita Afrixalus, na upande wenu kuna mmoja anaitwa Afrixalus sylvaticus, maana yake wa msituni, alielezwa kisayansi mwaka 1974 na Mdenmarki Arne Schiøtz kutokana na vyura waliopatikana hapohapo Kwale. Yaani jina lake limeanzia kwenu. Sentimita mbili hivi akikua, rangi ya kahawia na dhahabu, mchana anajibanza kwenye jani mikono ameikunja chini ya kifua na huwezi kumuona hata ukiwa umemsogelea uso.

Lakini kuna mwingine wa jamii hiyohiyo, Afrixalus fornasini, huyu ni mkubwa kidogo na ana mistari miwili mipana ya rangi ya fedha mgongoni, naye anakunja majani vilevile. Mwambie kijana amwangalie mgongo. Na amwangalie jicho pia, hii ni alama nzuri sana watu hawaijui: hawa wakunja majani mboni ya jicho imesimama wima kama ya paka, wale vichura wengine wa matete ambao wanafanana nao kwa udogo mboni yao imelala. Tochi hafifu, ya pembeni, sekunde chache tu unaona. Huyo fornasini nimtaje na tabia yake moja, anakula mayai ya vyura wenzake waliotaga juu ya maji, anatia kichwa kwenye utelezi wa mwenzake anakula. Sasa ukijua hivo unaelewa kwa nini mwenzake mdogo akafunga bahasha. (Na yeye mwenyewe mayai yake anayafungia!)

Nilikaa usiku mmoja wa mwezi wa tano kando ya kidimbwi kama hicho chenu, mvua imekatika, majani yanadondosha. Dume alikuwa akilia tangu magharibi, sauti yenyewe wala huwezi kusema ni ya chura, ni mkwaruzo mdogo mkavu kama wa mdudu, unaweza kuishi pale miaka ukadhani ni panzi. Jike likaja kimya kwa kupanda jani kutoka chini. Dume likampanda mgongoni, na wakaanza kurudi nyuma kidogo kidogo juu ya jani, jike anaweka mayai na utelezi wake, miguu ya nyuma inashika kingo mbili za jani inazileta pamoja, wanatulia, wanasogea tena. Ule utelezi unaotoka na mayai ndo gundi. Jani likafunga nyuma yao kama mtu anavyofunga vitumbua kwenye gazeti, nadhifu, kisha wakaachana kila mtu njia yake. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope na mgongo unauma na sikutaka kuondoka.

Ndani ya bahasha ile mayai yanakaa na unyevu wake, jua haliyafikii, siafu na nyigu wanapata shida kuyaona. Viluwiluwi wakishaanguliwa jani linalegea wanadondoka kwenye maji yaliyo chini, basi, maisha yanaanza. Kwahiyo swali lako la kama umemharibia, mama, jibu la kweli ni kwamba lile ulilolifungua huenda limekauka, mayai yale hayana ganda, yakipigwa na upepo wa mchana hayaponi. Usijilaumu, hukujua. Siku nyingine ukikuta limefunguka na bado lina maji maji, lirudishe kingo zikutane taratibu kwa mikono iliyolowa maji ya kidimbwi uliache palepale, na mbuzi ukawakatie upande ule usioinamia maji.

Sasa la kufukia. Hapa ndo nataka baba watoto anisikilize, kwa heshima zote. Kichura huyu watu wanadhani ni wa bwawani, na wengine wanadhani ni wa msituni, na hao wote wawili wanamlinda nusu. Yeye anataka mahali ambapo hivi viwili vinagusana. Maji yaliyosimama anayataka kwa viluwiluwi. Jani anataka liwe juu ya maji hayohayo, sio hatua tano kutoka hapo, maana mtoto akidondoka kwenye nchi kavu amekufa. Na kivuli cha miti anakitaka ili jani lisikauke na ngozi yake isikauke, kwa kuwa chura anapumua kwa ngozi pia, na maji hanywi kwa mdomo, anayavuta kwa ngozi ya tumbo akikaa palipolowa. Kidimbwi kikikauka kiangazi, vichura wanahamia kwenye majani na vivuli vya pembeni wanasubiri. Ukikata miti ukaacha maji umemwachia nyumba bila paa. Ukifukia maji ukaacha miti, atakaa, utamsikia mwaka huu labda na mwakani, alafu utashangaa kimya kimetoka wapi na msitu upo.

Na msitu wenyewe wa Shimba sio mkubwa. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1968, ni kama kilomita za mraba 190 tu, na ndani yake sio msitu wote, kuna nyasi, kuna vichaka, kuna misonobari iliyopandwa. Ile miinuko ndo inakamata unyevu wa kusi ukitoka baharini, asubuhi mnauona nyinyi ukungu umelala juu ya miti, sisi wa chini tunauona kama wingu. Maji ya chemchemi za Marere yanatoka hukohuko yanashuka mpaka Mombasa kwenye mifereji ya watu. Vidimbwi vya pembeni ya hifadhi kama chenu vipo kwenye mashamba, hakuna uzio unaovilinda wala askari, mwenye jembe ndo mwamuzi. Habari njema ni kwamba kichura huyu sio wa kudeka sana, anaonekana pia kwenye mashamba yaliyokuwa msitu zamani mradi vichaka vimebaki. Kwahiyo mimi sisemi msilime. Limeni, ila mwacheni ukanda wa miti na majani marefu kuzunguka maji, hatua kumi hivi kila upande, na ule upande unaoelekea msituni uwe umeungana, usikatwe na shamba tupu katikati. Kidimbwi kinachojaa na kukauka sio ardhi iliyopotea, mahindi yenyewe hapo yangeoza mizizi masika.

Mwalimu salaam. Niko Diani, nilienda Kwale kwa shemeji nikaona chura mweusi mwenye rangi nyekundu. Shemeji kasema ana sumu anaua ng'ombe. Kweli? — Msomaji wa Diani

Aleikum salaam. Inategemea ulimwona wapi na alikuwa anafanya nini, maana wako wawili wa nyeusi na nyekundu na watu wanawachanganya.

Kama alikuwa chini, mweusi anang'aa kama mpira wa gari, ana mistari miwili myekundu kila ubavu umepita wake, na hakuruka bali alitembea kama mtu mwenye haraka kidogo, huyo ni Phrynomantis bifasciatus. Huyo ngozi yake ina utomvu wa kuwasha kweli, ukimshika kisha ukajigusa jicho au kidonda utajuta, na ukimtia chombo kimoja na vyura wengine wenzake wanaweza kufa. Ng'ombe ni maneno ya kuongeza. Muache apite, nawa mikono, imekwisha.

Kama alikuwa juu ya jani au tete, mdogo, na ule wekundu ulikuwa vijistari vimepindapinda kama minyoo midogo mgongoni, basi ndugu yangu umeona kitu watu wanapanda ndege kuja kukitafuta. Huyo ni Hyperolius rubrovermiculatus, na jina hilo maana yake ndo hiyo, wa minyoo myekundu. Alielezwa mwaka 1975 na yuleyule Schiøtz, na dunia nzima anajulikana kwa Shimba Hills tu. IUCN, shirika la kimataifa la kuhifadhi maumbile, wamemweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, na sababu wala haihitaji profesa, ukiwa na nyumba moja tu duniani na nyumba yenyewe ni ndogo, moto mmoja ni mwingi. Wakiwa wachanga hawana rangi hiyo, wanaanza na rangi za kawaida za vichura wa matete alafu ukubwani ndo wanavaa, kwahiyo hata ukiona asiyekuwa mwekundu usiseme sio yeye. Nakuomba ukumbuke pale ulipomwona, na umwambie shemeji kwamba huyu hana ubaya wowote na ng'ombe wake.

Eti ukishika chura unaota chunjua? Bibi kasema. — Darasa la saba, Kinango

Hapana mjukuu wangu. Chunjua zinaletwa na kirusi kinachopita kutoka mtu hadi mtu, chura hana hicho kirusi, vile vinundu vya mgongoni mwa chura wa nyumbani ni tezi zake. Ila bibi msikilize kwa jambo moja, usimshike ovyo. Mkono wako una chumvi, sabuni, saa zingine dawa ya mbu, na yeye ngozi yake inanyonya kila kitu. Lowesha mikono kwanza, au bora zaidi mtazame tu kwa macho.

Mwalimu, mimi nimechimba bwawa Matuga, vyura wamejaa. Jirani ananishauri nitie tilapia, nitapata kitoweo na mbu wataisha. Vyura si wanakula mbu? Nitie nisitie? — Mkulima, Matuga

Kaka, nikuambie ukweli wote hata ule usiopendeza upande wangu. Viluwiluwi wengi hawali mbu, wanakwangua ukungu wa kijani kwenye mawe na majani, chakula chao ndo hicho. Chura mkubwa anakula wadudu wanaoruka na kutambaa, na mbu wamo, lakini anayekuambia chura atamaliza malaria anakudanganya, chandarua bado ni chandarua.

Tilapia je? Bwawa la samaki ni haki yako, chimba, fuga, kula. Ila ukishatia samaki kwenye maji vichura wa majani wamekwisha hapo, samaki hachagui, kiluwiluwi akidondoka tu kutoka kwenye jani anasubiriwa. Ndo maana vile vidimbwi vinavyokauka kila mwaka, ambavyo watu wanaviona havina faida, kwa chura vina thamani kuliko bwawa zuri la kudumu, kwa kuwa samaki hawezi kuishi humo. Ushauri wangu: bwawa ulilochimba litie samaki, alafu kama una bonde dogo linalokusanya maji ya mvua karibu na vichaka liache lenyewe, usilitie samaki, usilisafishe majani, kingo zake zisiwe wima kama kisima ili vichura waliokua waweze kutoka. Na pampu ya dawa za shamba usiioshee hapo kabisakabisa.

Shikamoo. Naandika kutoka Muheza, Tanzania. Mnatuambia vyura watatoweka, lakini kila mvua ikinyesha wamejaa. Kuna mfano wowote hapa kwetu wa chura aliyetoweka au ni kutisha watu? — Kaka wa Muheza

Marahaba kaka, swali zuri na nashukuru umeuliza waziwazi. Mfano upo na uko nchini kwenu, sio wa chura wa miti, ni kichura wa mawe na majani ya kwenye rasharasha za maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Kawaida yake ni ya ajabu, hatagi, anazaa watoto wakiwa vichura kamili, hakuna viluwiluwi. Alionekana na wataalamu mwaka 1996, na makao yake yote duniani yalikuwa hekta chache tu zilizolowa na ule mvuke wa maporomoko.

Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000 maji mengi yakapelekwa kwenye mitambo, rasharasha ikakatika. Watu hawakukaa, wakafunga mabomba ya kunyunyiza maji kuiga mvuke, na vichura 499 wakapelekwa Marekani, Bronx Zoo, wakafugwe wasije wakaisha. Mwaka 2003 walihesabiwa karibu 20,000 korongoni, watu wakafurahi, na mwaka haukuisha wakaporomoka, wakabaki wa kuhesabika kisha hawakuonekana tena. Kulikutwa na ule ugonjwa wa kuvu wa ngozi ya vyura uliomaliza vyura sehemu nyingi duniani. 2009 wakatangazwa kwamba porini hawapo tena. Wale wa kufugwa ndo walioleta matumaini, 2010 wakarudishwa 100 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao.

Sasa wewe unasema wamejaa. Wanaojaa ni wale wa kila mahali, wa mtaroni, wa shambani, hao Mungu kawapa uwezo wa kuishi popote. Mtu akipita anasikia kelele anasema vyura wapo tele, kumbe ndani ya kelele ile kuna sauti moja haipo tangu miaka mitatu na hakuna aliyeizoea kiasi cha kuikosa. Wewe una bahati, msitu wa Amani hapo juu yenu kuna Leptopelis vermiculatus, chura wa miti wa kijani amechorwachorwa mistari myembamba myeusi, ana macho makubwa utadhani kashtuka, alipewa jina mwaka 1909 kutokana na vyura waliopatikana msitu huohuo. Panda siku moja masika ukamsikilize, ujue sauti yake, uwe mmoja wa wale watakaojua ikikosekana.

Mwalimu, nataka kurekodi vyura kwa simu huko Shimba usiku, nifanyeje? Pia kuna mtu ameniambia nikimkamatia vichura vya rangi atanilipa. — Kijana wa Ukunda

La pili kwanza: usifanye. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inakataza kukamata mnyama wa porini bila kibali, awe ndovu awe kichura, na huyo anayekulipa hatakuwepo siku unaulizwa. Wengi wanakufa kwenye machupa kabla hata hawajafika wanakopelekwa.

La kurekodi nakuunga mkono sana. Usiingie hifadhini usiku peke yako, kule kuna ndovu na hawapigi hodi, nenda na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa mpango, au bora zaidi anza na vidimbwi vya mashamba ya pembeni kwa ruhusa ya mwenye shamba. Osha viatu na uvikaushe vizuri kabla ya kwenda na ukitoka kidimbwi kimoja kwenda kingine, ile kuvu niliyoitaja inasafiri na tope. Dawa ya mbu usijipake mikononi, vaa mikono mirefu. Nenda saa moja unusu usiku mvua ikiwa imekatika, ukifika watanyamaza wote kwa pamoja, usikate tamaa, kaa chini, zima tochi, simu iweke karibu na jani, sio juu yake. Baada ya dakika kadhaa mmoja atajaribu, upande wa mbali, mara moja tu. Hapo ndo ubonyeze, maana wengine wanafuata.